Fuensanta na Sanduku la Magurudumu

Treni ya kutoka Barcelona ilimshusha Fuensanta Luque katika stesheni ya Córdoba saa tisa kasoro mchana, mwishoni mwa Julai, wakati ambao mtu mwenye akili zake hatoki nje. Madereva wa teksi walikuwa wamelala ndani ya magari yao, vinywa wazi, miguu imetokezea madirishani. Hakuna aliyefumbua jicho. Fuensanta alishusha kilemba cha kitambaa mpaka kwenye nyusi, akashika mpini wa sanduku lake dogo la magurudumu, akaamua kutembea.

Alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mfupi, mwenye mabega yaliyoinama kwa kusimama mbele ya mitambo ya kufuma nguo huko Terrassa, mji wa viwanda wa kaskazini alikohamia akiwa msichana. Mumewe alikuwa amefariki, na mwanawe wa pekee aliishi Ujerumani. Ndani ya sanduku mlikuwa na nguo za siku mbili na tiketi ya kurudi kesho yake asubuhi. Nguo hizo zilikuwa hila aliyojifanyia mwenyewe. Dada yake Araceli akimkataa, atasema alikuwa anapita tu. Asipomkataa, atamwomba chumba cha juu katika nyumba ya wazazi wao, aishi humo mpaka siku yake itakapofika. Hilo ndilo lililomleta, na hakuwa amemwambia mtu yeyote.

Mtu anayelificha ombi lake chini ya nguo za siku mbili hajawa tayari kuomba. Ndiyo maana, badala ya kushika njia ya kushoto iendayo mtaani kwao San Agustín, miguu yake ilishika ya kulia, ikateremka kuelekea mtoni.

Jiji lilikuwa jeupe na kimya kama kitu kilichozama majini. Juu ya njia za maduka walikuwa wametandaza maturubai ya kivuli kutoka paa hadi paa, na mwanga uliopenya humo ulikuwa wa rangi ya maziwa. Fuensanta alipita chini yake kama samaki apitaye chini ya mashua. Midanzi, ile michungwa ya matunda machungu, iliyopangwa kando ya njia ilikuwa imejikunyata, majani yamejifunga, na madanzi machache ya mwaka uliopita yalining'inia yamekauka kama ngumi za wazee. Nyuma ya mapazia ya mbao yaliyoshushwa madirishani alisikia kijiko kikigonga sahani, mtu akikohoa, redio ikinong'ona habari ambazo hakuna aliyezisikiliza. Hakuona uso hata mmoja. Sauti zote zilikuwa karibu, na watu wote walikuwa mbali.

Mara kwa mara alisimama. Palikuwa na mlango mmoja wa chuma uliokatwa nakshi, na nyuma yake ua wenye kisima na vyungu vya maua vilivyotundikwa ukutani mpaka juu. Kisimani alimwona msichana wa miaka kumi, miguu peku, akivuta kamba ya ndoo. Alipopepesa macho hapakuwa na msichana, wala ndoo haikuwa na kamba. Joto la Córdoba hufanya hivyo. Humrudishia mtu vitu vyake, kisha humnyang'anya kabla hajavishika.

Mtoni maji yalikuwa machache na ya kijani. Yangeyange walisimama juu ya vinu vya maji vilivyobomoka, kila mmoja amekunja mguu, wala hakuna aliyegeuka kumtazama. Fuensanta aliegemea ukuta wa daraja. Mawe yalimchoma viwiko. Akajisemea, "Nitakaa hapa mpaka wamalize kulala." Lakini jua halikumruhusu, akaondoka.

Karibu na kanisa la San Pedro aliona mlango wa chuma ulioteremshwa nusu, na harufu ya divai na pipa lililolowa ikitoka chini yake. Aliinama.

"Tumefunga, mama," sauti ilisema kutoka gizani.

"Nataka maji tu."

"Maji hayafungwi. Inama vizuri, usije ukakiacha kichwa nje."

Mwenye kilabu alikuwa mzee mnene aitwaye Bartolomé, amekaa juu ya kreti na fulana yake imelowa jasho. Alimpa bilauri ya maji, akalitazama sanduku.

"Umetoka Madrid?"

"Mimi ni wa hapa."

"Wa hapa hatembei saa hizi. Saa hizi hata mijusi hukanyaga kwa ncha za vidole."

"Nimezaliwa San Agustín. Mtaa wa Mitungi."

"Mitungi?" Bartolomé aliinuka kidogo. "Nimepeleka mapipa Mitungi tangu sijaota ndevu. Wewe wa nani?"

"Wa Patrocinio. Yule fundi wa kushona."

"Patrocinio alikuwa na binti mmoja, Araceli. Yule mwenye ulimi."

"Tuko wawili."

Mzee akajifuta shingo kwa kitambaa. Kisha, bila ubaya wowote, kama mtu aliyekumbuka mahali alipoweka ufunguo, akasema, "Aa. Yule wa mashine."

Fuensanta alishusha bilauri. Alikuwa ameondoka katika jiji hili akiwa na jina, ubatizo na sifa ya kucheza dansi vizuri. Sasa lililobaki lilikuwa hilo: yule wa mashine.

Habari ya mashine ni hii. Mama yao, Patrocinio, alikuwa mtu wa kukaa nje. Kila jioni ya kiangazi alimwagia maji mawe ya mbele ya mlango ili yapoe, akatoa kiti chake kifupi cha kijani chenye kikalio cha matete, na majirani wakafuata, kila mtu na kiti chake. Mgeni tu ndiye aliyeletewa kiti. Hapo walikaa wakipunga pepeo, wakisengenya kwa kiasi, mpaka upepo wa mlimani ushuke. Alipozeeka na kuanza kuishiwa pumzi, Araceli alipiga simu Terrassa.

"Njoo, mdogo wangu. Mama anakuulizia."

Fuensanta alikuwa amekwisha lipia nyumba ya pwani pamoja na ndugu za mumewe. Hakwenda. Badala yake alinunua mashine kubwa ya kupoza hewa, kubwa kuliko zote dukani, akatuma na mafundi wa kuifunga. Alijiona amefanya jambo kubwa. Na mama, ambaye hakupata kutupa hata kipande cha uzi kilichotoka kwa mtoto wake wa mbali, aliipokea zawadi kwa utiifu wote. Mafundi walikuwa wamesema baridi hupotea mlango ukiwa wazi. Basi mlango ukafungwa. Kiangazi chote kile Patrocinio alikaa ndani, amejifunika shali, akiwasikiliza majirani wakicheka upande wa pili wa kioo. Alikataa kutoka. "Nitaupotezaje ubaridi wa Fuensanta?" alikuwa akisema. Kabla madanzi hayajaanza kugeuka rangi alikuwa amezikwa.

Makaburini Araceli alimwambia mdogo wake neno moja tu: "Ulimfungia mama mlango." Tangu siku hiyo hawakuzungumza.

Tusimtetee Fuensanta. Hakuwa mtu mbaya, lakini hilo si utetezi. Maovu mengi ya majumbani hufanywa na watu wasio wabaya, wanaotuma kitu pale walipotakiwa kwenda wenyewe. Mkono uliojaa ukiwa mbali haumfuti mgonjwa jasho. Hayo yeye mwenyewe alikwisha kujiambia mara nyingi, usiku, katika nyumba yake ya Terrassa yenye mashine kama ile ile.

"Maji ni bure," Bartolomé alisema alipoona anataka kulipa. "Na ushauri ni bure. Usigonge mlango wa mtu kabla jua halijalegea."

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingekuwa unakokota hilo."

Alitoka. Nje mwanga ulimpiga kama shuka lililotikiswa usoni. Alipanda vichochoro bila kuchagua, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, kila pembe ikizaa nyingine inayofanana nayo, chokaa juu ya chokaa. Akili yake ilikuwa imepungua uzito. Alihisi kwamba kama angesimama na kuita jina la mtu yeyote aliyemjua utotoni, mtu huyo angeitikia kutoka nyuma ya pazia, kwa sauti ya usingizi, bila kushangaa.

Kwenye njia panda alisimamishwa na kijana na mkewe, watalii kutoka Burgos, wekundu kama nyanya.

"Samahani, mama. Wewe mwenyeji? Tunatafuta uwanja wa Corredera."

Moyo wake ulifurahi kuitwa mwenyeji. "Ni karibu sana, wanangu. Nyoosheni mpaka kwa muuza makaa, mpinde hapo. Mkiona tanuri la mkate la Wasidonia, harufu yenyewe itawaita, mshike upande wa fundi viatu aliye kilema."

Vijana walitazamana. "Tumetoka huko sasa hivi," mke alisema kwa upole. "Hatukuona muuza makaa."

"Kuna duka la simu," mume akaongeza. "Na mahali pa kukodi baiskeli."

Fuensanta akakumbuka. Muuza makaa alikuwa amefariki kabla hawa wawili hawajazaliwa. Tanuri lilikuwa limezimwa zamani, na fundi viatu pia. Alikuwa amewaelekeza katika jiji la marehemu, na aliwaelekeza kwa uhakika kabisa, bila kukosea hata pembe moja.

"Basi nyoosheni tu," alisema. "Kila njia hapa hatimaye hufika."

Vijana wakaondoka wakicheka kidogo, si kwa dharau. Naye akatambua kwamba wakati akiwaelekeza, miguu yake mwenyewe ilikuwa imefika. Kona iliyofuata ilikuwa Mtaa wa Mitungi.

Ni mtaa mfupi, mwembamba, wenye mawe ya mviringo kama mayai. Aliingia. Magurudumu ya sanduku yakaanza kupiga kelele juu ya mawe, tata-tata-tata, ikaruka kutoka ukuta hadi ukuta, na katika kimya kile ilikuwa kama mtu anamwaga gunia la karanga juu ya bati.

"We mwenye magurudumu," sauti ya mwanamke ilitoka nyuma ya pazia la dirisha la juu, nzito kwa usingizi. "Umezaliwa zizini? Watu wamelala."

"Samahani," Fuensanta alinong'ona.

"Samahani yako nayo ina magurudumu? Libebe."

Akalibeba. Alilipakata kifuani kwa mikono miwili, kama mtoto mchanga asiyetakiwa kuamka, akaenda kwa ncha za vidole mpaka mlango wa kwao.

Ulikuwa wazi. Mbele yake palining'inia lile pazia la turubai lenye mistari ya kijani ambalo kila nyumba ya mtaa huu hutundika kiangazi, zito, limeloweshwa maji pindoni. Mama yao ndiye aliyelishona, na mshono aliujua. Aliweka kiganja juu ya turubai. Lilikuwa la baridi. Upande wa pili, hatua chache tu, kitanda cha chuma kililia, kisha mtu akapumua kwa muda mrefu, akanyamaza. Fuensanta alijua kwamba ni Araceli. Alitaka kusema, dada, ni mimi. Lakini wakati ule wa mchana milango hugongwa na wageni na wapeleka habari za msiba, na yeye alikuwa hataki kuwa mmoja wao. Mkono ukabaki juu ya turubai, ukapata joto, ukashuka.

Akageuka, akaondoka na sanduku kifuani. Kule nyuma ya pazia hakuna kilicholia tena.

Katika uwanja mdogo wa San Agustín alipata benchi chini ya mdanzi. Alikaa, sanduku miguuni. Hakukusudia kulala, lakini usingizi wa mchana ni haki ya nchi hii, nao humdai hata aliyeihama. Alimwona mama yake akishuka mtaani kwa madaha, amebeba mtungi, akiwamwagia maji wapita njia mmoja mmoja kama vyungu vya maua, na kila aliyemwagiwa akasema asante, akachipua jani. Zamu ya Fuensanta ilipofika mtungi ulikuwa mkavu. Mama akamwonyesha ndani yake. "Nilikutunzia," alisema, "lakini ulichelewa, mwanangu, jua limeyanywa."

Alipoamka shingo ilimuuma na kivuli cha kanisa kilikuwa kimevuka uwanja wote. Mbayuwayu walikuwa wakipiga mayowe angani. Kisha ikaja harufu. Aliitambua kabla hajajua ni nini: maji juu ya mawe yaliyochomwa kutwa nzima, vumbi lililolowa, chokaa na asumini. Watu walikuwa wakimwagia mbele ya milango yao. Mji ulikuwa umeamka.

Sasa hakuwa na pa kutembea tena. Alikuwa ameuzunguka mji wote ili asifike mahali pamoja. Alinyanyuka, akakung'uta sketi, akalibeba sanduku ingawa hakuna aliyekuwa amelala.

Mtaani walikuwa watatu, viti vyao vimepangwa nusu duara mbele ya mlango wa Araceli. Encarna wa nyumba ya mkabala, mwanamke mkubwa mwenye kishada cha asumini nyuma ya sikio, alikuwa akimenya matango. Mumewe Eufrasio, kiziwi na mpole, alikuwa ameshika kopo la kumwagilia kama mtu aliyesahau alichotaka kulifanyia. Araceli alikuwa amekaa wima, mwembamba, nywele nyeupe zimebanwa, goti moja limefungwa bandeji. Alikuwa akijipungia upepeo mweusi. Alimwona mdogo wake tangu alipotokea kwenye kona, wala upepeo haukubadili mwendo.

"Jioni njema," Fuensanta alisema.

"Jioni njema," Encarna akajibu, akamtazama juu mpaka chini, akaliona sanduku. Kisu kikasimama ndani ya tango. "Kumbe wewe ndiye yule wa magurudumu. Mtoto wa watu, nilikutukana bila kukujua."

"Nilistahili."

"Ulistahili, ndiyo. Ila ningekujua ningechagua matusi ya heshima."

"Nani huyu?" Eufrasio aliuliza kwa sauti ya viziwi.

"Fuensanta," mkewe akampigia kelele sikioni. "Binti wa pili wa Patrocinio."

"Yule wa mashine?"

"Mwaga maji yako, mzee."

Fuensanta alisimama mbele ya nusu duara ile, sanduku kifuani, akasubiri. Araceli hakuinuka. Aliendelea kupunga, macho yake juu ya mawe yaliyokuwa yakikauka. Muda ulipita, mrefu kama ule wa mtu anayengojea hukumu huku hakimu akinoa kalamu. Fuensanta alihesabu viti kwa macho. Vilikuwa vitatu, na watu watatu. Hakuletewa kiti. Basi ndivyo ilivyokuwa, na ilikuwa haki. Alilishusha sanduku taratibu, akashika mpini, akageuza uso kuelekea alikotoka.

"Nilikuwa napita tu," alisema. Lile neno aliloliandaa tangu Terrassa lilitoka bila shida yoyote, na lilikuwa na ladha ya uongo kabisa.

"Unapita kwenda wapi?" Araceli aliuliza. Hii ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti yake tangu makaburini. Ilikuwa imekonda.

"Kesho narudi."

"Mchana ulisimama mlangoni kwangu. Ukaweka mkono kwenye pazia."

Fuensanta alikitazama kiganja chake.

"Nilikuwa macho," Araceli alisema. "Nilikuona vidole kupitia kitambaa, nikavijua. Nikasema, nitazame kama atainua turubai. Turubai, Fuensanta. Si ukuta. Hukuinua."

"Nilidhani umelala."

"Hudhani vizuri. Hujapata kudhani vizuri hata siku moja. Ulidhani mama ana joto."

Encarna alianza kumenya tango lililokwisha menywa.

"Ni kweli," Fuensanta alisema. Alitaka kuongeza habari ya nyumba ya pwani, ya mumewe, ya mafundi na maelezo yao, lakini yote yalikuwa visingizio, naye alivijua vyote kwa majina. Akaviacha. "Ni kweli, dada. Aliniita mimi, nikatuma mashine."

Upepeo ukasimama. Araceli alimtazama mdogo wake kwa mara ya kwanza, uso uliochomwa na jua la mchana kutwa, midomo iliyopasuka, viatu vyeupe kwa vumbi la mji mzima.

"Sasa umesimama hapo kama mtu wa posta," alisema. "Unasubiri nini?"

"Sijui."

"Unasubiri nikuletee kiti? Wewe ni mgeni hapa?"

Fuensanta alimtazama bila kuelewa. Kisha akaelewa, na uso wake, mwekundu tayari, ukawa mwekundu zaidi. Miaka yote ya kaskazini alikuwa ameletewa viti, naye akasahau kwamba hapa kiti kinachotolewa kwa mikono ya mwenye nyumba humweka mtu mbali. Kama Araceli angeinuka na kumletea, lingekuwa tusi.

"Viti viko palepale," Araceli alisema. "Na usifikiri nimekusamehe. Sijakusamehe. Nimekwambia kalete kiti. Ni mambo mawili."

"Ni mambo mawili," Encarna alithibitisha.

Fuensanta aliinua pazia. Ndani mlikuwa na kiza na ubaridi wa kuta nene, ule ubaridi usio na kelele. Viti vilikuwa vimeegemezwa ukutani pale pale kwenye ushoroba. Juu yake, karibu na dari, ilikuwa mashine, kubwa, ya rangi ya pembe, waya wake umeviringwa na kufungwa kwa uzi wa kushonea. Mashada ya vitunguu saumu yalikuwa yamening'inizwa kwenye kona zake zote mbili. Chini yake kilikuwepo kiti kifupi cha kijani cha mama, matete yake yamesukwa upya. Fuensanta alikigusa mgongo, akakiacha. Akachukua kile cha mwisho kabisa, kilichopasuka katikati, akatoka nacho.

"Hicho kinachana nguo," Araceli alisema.

"Kitanifaa."

Encarna alisogeza makalio yake na kiti chake kwa pamoja, akitoa nafasi upande unaopata upepo kwanza. Eufrasio akampa tango. Walikaa. Kwa muda mrefu hakuna aliyesema jambo la maana. Encarna alieleza habari ya jirani aliyefunga madirisha ya kioo na sasa hamjui tena mtu wa mtaani. Eufrasio alijibu swali ambalo hakuulizwa. Anga juu ya kichochoro likawa la zambarau, kisha la bluu nzito, na taa ya ukutani ikawaka yenyewe. Fuensanta aliwasikiliza kama mtu anayesikia maji yakitiririka mahali fulani nyumbani mwake. Mara mbili alifungua kinywa. Mara ya tatu akasema.

"Dada. Nimekuja kukuomba chumba cha juu. Si cha kulala leo. Cha kuishi."

Encarna alitazama tango. Hata Eufrasio, ambaye hakusikia, alitulia.

"Chumba cha juu kina joto," Araceli alisema baada ya kufikiri.

"Najua."

"Ile mashine haiwashwi katika nyumba hii."

"Sitaki iwashwe."

"Na mlango huu haufungwi kiangazi. Anayepita, anapita. Anayetazama ndani, anatazama. Kama umezoea kufungiwa huko kwenu, sema sasa."

"Huko si kwetu."

Araceli alifungua upepeo, akaufunga, akaufungua tena. "Vyungu vya ukutani vya juu nimeviacha vikauke," alisema. "Tangu Pasaka goti limekataa ngazi. Kopo na mwanzi wa kulinyanyulia viko uani, nyuma ya kisima. Maji yanatiwa kukiwa bado na umande, saa moja, si zaidi. Ukichelewa jua litayanywa, wala mimi sitakuamsha."

Fuensanta alishtuka kidogo kwa maneno hayo, kisha akainamisha kichwa. "Nitaamka mwenyewe."

"Tutaona."

Ndipo upepo ukashuka kutoka mlimani, mwembamba, wenye harufu ya nyasi kavu, ukaingia mtaani kama jirani aliyechelewa. Pazia la turubai likafura nyuma yao. Encarna akanyanyua mikono, kwapa zikapata hewa, akafumba macho. Araceli, bila kumtazama mdogo wake, aliuweka upepeo mweusi juu ya goti la Fuensanta, kwa kuwa sasa yeye hakuuhitaji.

Treni ya kurudi ilikuwa iondoke saa moja na nusu asubuhi. Fuensanta hakuitaja. Aliuliza tu kama mwanzi wa kumwagilia ulikuwa ule ule wa zamani, na Araceli akamjibu kwamba ule ulikwisha vunjika, na kwamba huu ni mzito kidogo, atauzoea.